Mafuta ya Upako kwenye Rido Zangu

Bukavu, Jumapili. Mvua tangu tutoke misa, umeme hakuna, na mimi nimechoka kukasirika.

Nilisema sitaandika tena habari za kile chumba. Lakini nisipoandika nitamgombeza Papa Neema, mume wangu, naye hana kosa lolote zaidi ya kucheka.

Kwa asiyejua: tuna chumba cha wageni nyuma ya nyumba, hapa Ibanda. Ukisimama dirishani unaona ziwa. Tunakipangisha kwa siku kupitia aplikesheni moja ya simu. Mshahara wangu wa ualimu unakuja unapotaka wenyewe. Kile chumba ndicho kinachosomesha watoto. Rido za dirisha alinishonea dada yangu, nyeupe. Ukuta mweupe. Mashuka meupe. Ndiyo, najua. Nilitaka mgeni aingie aone usafi.

Mwezi uliopita akaja mchungaji mmoja kutoka Uvira na mke wake, kwa semina ya kanisa lao. Watu wapole. Hawakupiga kelele, na walipoondoka waliacha ufunguo mezani kama tulivyowaomba.

Nilipofungua mlango, harufu ndiyo iliyonipokea.

Mafuta ya upako, yale wanayoombea watu, yenye marashi. Misalaba ya mafuta juu ya mlango, misalaba kwenye kila ukuta, mikubwa, mingine imetiririka hadi sakafuni. Rido zimelowa. Godoro limemiminiwa katikati. Sisi kwetu padri hunyunyiza maji, yanakauka, basi. Nikakaa kwenye kiti nipate nguvu. Kumbe na kiti kimepakwa.

Nikampigia simu. Nilijizuia, nikaongea kama mkristu.

"Papa Pasteur, rido zangu na matela ya kulalia viliharibika. Tunafanya namna gani?"

"Maman, mi sikuharibu kitu," akasema, sauti imetulia kabisa. "Nilitakasa. Ile chumba ilikuwa na mapepo, bibi yangu hakulala usiku wa kwanza. Watu wengine wananiita mpaka kwao kwa hiyo kazi. Weye nilikufanyia bure."

Bure!

Nikapeleka malalamiko kwa wenye aplikesheni, nikiomba fidia. Wakataka picha. Nikatuma, wakajibu kwamba alama zile zinafanana na vivuli. Nikapiga nyingine jua likiwaka. Wakataka risiti ya rido. Dada yangu anipe risiti? Kila mara anajibu mtu mwingine, ananiita kwa jina, ananipa pole, kisha anauliza yale niliyokwisha kumjibu mwenzake. Mmoja akataka kujua kama mafuta yalimwagika kwa bahati mbaya. Nikamwandikia: hapana, yalimwagwa kwa imani.

Nikiwa bado nasubiri, mchungaji akaandika maoni yake chini ya tangazo letu, pale ambapo kila mtu anasoma: "Nyumba ni nzuri, wenyeji ni wapole. Kulikuwa na mapepo lakini tumeyafukuza." Na nyota zote tano.

Papa Neema alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nililia.

Wageni waliokuwa wameshaweka nafasi wakaanza kughairi. Mama mmoja wa Goma aliniuliza kwa adabu kama mapepo yalitoka yote. Nikawaomba wenye aplikesheni wayafute maoni yale. Wakanijibu kwamba hayo ni mawazo ya mgeni, tena amenisifu.

Juzi jibu la mwisho likaja: watanilipa godoro tu. Kwa rido na ukuta, ushahidi hautoshi. Jana tukapaka rangi wenyewe, mimi na Papa Neema, na leo asubuhi nilipochungulia, misalaba imejitokeza tena, ya manjano, juu ya rangi mpya. Inabidi kukwangua ukuta wote.

Halafu leo, nimetoka tu kuvua viatu vya misa, simu ikalia. Yeye.

Anataka kurudi. Kuna semina nyingine. Anasema mahali pote walipolala, hawajapata usingizi kama wa kwangu.

Nilitaka kumkatia. Lakini chumba kiko tupu tangu yale maoni yake, na watoto wanarudishwa nyumbani kwa ajili ya minerval, ada ya shule. Nikavuta pumzi. Nikamwambia karibu, ila mafuta yabaki Uvira, na rido zangu azilipe yeye mwenyewe, kabla sijampa ufunguo.

Nikasikia mke wake akimnong'oneza kitu.

"Sawa, Maman. Lakini mapepo ikirudi?"

"Uiache, Papa Pasteur. Yenyewe haijanichafulia ukuta hata siku moja."

Mke wake ndiye aliyecheka. Mchungaji akasema atatuma pesa kwa simu kesho.

Haya. Kesho nitaangalia simu. Zisipofika, ufunguo hautoki mfukoni mwangu, hata aje na kwaya nzima.