Maksai Aliyegeuka Kabla ya Kuambiwa

Mjukuu wangu Rhobi,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Ringwani mahindi yameshika vizuri, na mama yako ameacha kukohoa.

Unasema kifaa chako cha chuoni, kile unachoweza kukipanga upya ndani, kinapoteza muda kusubiri kila agizo. Mwalimu anataka kikisie agizo linalofuata, kianze kazi mapema. Wewe unaogopa: kikikosea je?

Sikia. Nilipokuwa msichana tuliazima plau ya mjomba kwa siku moja tu, na wingu limeshatanda. Baba alishika plau, mimi nyuma nadondosha mbegu. Maksai wetu wa mbele, Shujaa, hakusubiri kuambiwa "geuka!" Akifika mwisho wa shamba anageuka mwenyewe. Kila akigeuka, nilibana mbegu kiganjani mpaka baba aone amegeuka pa kweli, aseme "haya."

Lakini mwaka ule tulikuwa tumeongeza shamba, upande mmoja tu, hadi ng'ambo ya kichuguu. Tulipofika upande huo, Shujaa akageuka penye mpaka wa zamani! Kaka yangu, aliyekuwa akiwaswaga maksai, akainua fimbo. Baba akamzuia: "Mwache. Amekosea mara moja, amepatia asubuhi nzima." Tukamrudisha hatua chache, na hakuna mbegu iliyopotea.

Mvua ilipomwagika, shamba lote lilikuwa limepandwa, na mama anapiga vigelegele uwanjani, amelowa chapachapa!

Kiache kikisie, Rhobi. Jibu lake ndilo ulibane, kama mbegu zile kiganjani, mpaka uone kimegeuka pa kweli.

Kikishinda, nipigie simu. Vile vigelegele vya mama sasa ninavyo mimi.

Bibi yako