Mama Yako Hajifanyi

Neema mjukuu wangu,

Sisi huku Kashojwa, kambini, tuko wazima. Maharagwe yametoka mingi, na mjomba wako ameoa. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama mama yako anajifanya mgonjwa, kwa kuwa analalamikia joto na maumivu, lakini vipimo vyote havionyeshi kitu.

Hajifanyi. Mimi pia, nilipokaribia miaka hamsini, moyo ulikuwa unapiga mbio nikiwa nimekaa tu. Joto lilipanda kifuani mpaka usoni, na hakukuwa na fasi ya mwili isiyouma. Hata kulima nikaacha. Nilikwenda hospitali ya Mbarara mara tatu, na kila mara waliniambia damu yangu ni safi.

Mara ya nne nilimkuta muuguzi mmoja, mke wa askari wa kikosi cha Makenke. Aliweka kalamu chini akaniuliza, "Mama, ile ya mwezi bado nakuja?"

"Ilikatika mwaka jana."

"Na nani alikufa kwako?"

Babu yako nilikuwa sijamtaja jina tangu tutoke Kongo. Nililitaja mbele yake, nikalia mpaka kitenge kikalowa.

"Mwili yako hapana danganya," akasema. "Iko ya umri, na iko ya kilio. Yote iko na dawa."

Nilimeza dawa, na kila mwezi nikarudi kwake kuzungumza. Haikuwa haraka, lakini msimu uliofuata nilishika jembe.

Basi mrudishe mama yako kwa daktari, na uingie naye. Aeleze joto hilo, aeleze pia kifo cha baba yako. Akianza kulia, usimnyamazishe.

Ni mimi koko wako,
Furaha