Kiti cha Pili cha Nyambizi

Mama Riziki, mke wangu,

Sijui barua ya kwenda huko uliko inaanzaje. Kukuuliza hali siwezi, na kukwambia sisi wazima ni kama kukuringia. Basi niseme tu kwamba Jumamosi nilishuka. Ndiyo, na lile pipa letu. Usinikunjie uso, nitakueleza kwa utaratibu.

Unakumbuka lilivyoanza? Ulirudi kutoka kwenye shamba la mwani, kanga inachuruzika maji, ukaegemea mlango wa karakana yangu. "Baba Riziki," ukasema, "mie umri wote huu nasimama baharini, maji kiunoni. Huko nje ya kisiwa cha Makoongwe, chini ya maji ardhi inapokatika, sijapaona hata siku moja. Pakoje?"

Ningesema sijui, yangeishia hapo. Nikasema nitakupeleka. Fundi wa mageti na madirisha, ambaye bati la nyumba yake mwenyewe linavuja, nikakuahidi nyambizi.

Ulicheka hadi ukashika ukuta. Kisha ukaacha. "Lakini sifi mie kwa ajili ya kutazama samaki. Nifanyie kitu cha kurudi."

Nikapata tangi nene la chuma. Nikamwandikia mhandisi mmoja wa meli huko Dar es Salaam, akanijibu kwa upole kuliko nilivyostahili. Alinipa vipimo, akanionya: watu wasizidi pima tano kwenda chini, na kabla ya mtu kuingia, chombo kishuke kitupu pima kumi. Chini yake nining'inize chuma kizito chenye mkono wa kukiachia kwa ndani, ili hata kila kitu kikifa, chombo kielee chenyewe.

Mfuniko nikauchomelea kwa raha zangu, nikakwita uje usifu kazi. Ukauzunguka mara mbili.

"Komeo mbona liko nje?"

Nikatazama. Mkono umezoea milango ya maghala. Nilikuwa nimekufungia humo kama karafuu za msimu.

"Sema kweli, Baba Riziki. Unaoa?"

Nililikata siku ile ile, nikaweka mkono unaofungua ndani na nje. Wiki nzima ukawa unawauliza jirani zetu kama wamemwona bi harusi wangu.

Na wazo la unga lilikuwa lako. Mimi nilitaka kutafuta mvujo kwa kupapasa. Ukaniambia mkono wangu mgumu kama gogo, hausikii tone. Ukatandaza unga wa mchele kwenye sinia, ukalilaza chini ya dirisha, tukakishusha chombo kitupu. Kiliporudi, unga ulikuwa na tobo dogo katikati. Nikabadilisha mpira wa dirisha. Mara ya pili, vitobo viwili. Nikaagiza mpira mwingine, nao ukachelewa.

"Lini?" ulikuwa unaniuliza.

"Bado kidogo."

Miezi ile ile ulianza kujikaza kanga kichwani, kichwa kinakuuma. Ukasema ni jua la mwani. Nikaamini, maana kuamini hakukunikatiza kazi. Kila mshono wa chuma kile niliukagua kwa tochi, mke wangu. Kichwa chako sikukipeleka hata kwa daktari wa hapo karibu. Asubuhi ile uliyoanguka jikoni nilikuwa chini ya tangi, nakwaruza kutu, na nilidhani kilichoanguka ni sufuria.

Mpira ulifika baada ya hitima yako. Nikaufunga, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Nikatandaza unga mwenyewe, vibaya, nikashusha. Ukarudi mkavu wote. Nilikaa na sinia mapajani nikalia, mtu mzima na mvi zangu, hadi mteja aliyefuata geti lake akaondoka bila kuliuliza.

Dada yako alisema nilikate tangi niuze chuma. Hakukosea. Lakini uliniuliza pakoje, nami sikuwa nimekujibu.

Tatizo likawa kiti chako. Chombo nilikisawazisha kwa watu wawili. Bila wewe kingeinama upande mmoja. Nikakumbuka siku ulipojipima kwa mchezo kwenye mizani ya mwani, wenzako wakikuvuta kanga. Nikachota mchanga, nikajaza gunia, nikapunguza, nikaongeza, mpaka mizani ikasimama pale iliposimama kwako. Kisha nikalifunga mkanda kwenye kiti.

Riziki, binti yako, alikuwa juu kwenye boti, ameshika kamba, pamoja na wapiga mbizi wawili wa Kojani. Nilishuka. Kitu ambacho unga haukunionya ni pumzi: kioo kilijaa ukungu, nikawa nafuta kwa mkono wa shati.

Basi pakoje? Mwamba unakwenda, unakwenda, halafu umekatwa. Chini yake buluu nzito, huoni mwisho. Ukutani mna mashimo, na katika shimo moja samaki chewa mkubwa akanikodolea macho kama mteja niliyemcheleweshea mlango. Nikageuka kukuonesha.

Tulikubaliana nikae robo saa. Sikufikisha. Niligonga ukuta wa chombo, wapiga mbizi wakasikia, wakanipandisha.

Pwani wale vijana wa Kojani wakakimbilia chombo. Riziki akachungulia ndani, akaliona gunia na mkanda wake kwenye kiti chako. Hakuuliza ni la nini. Nikalifungua nilibebe.

"Nishike upande mmoja, baba."

"Zito hili, mwanangu."

"Siku ile mama mlimbeba nyie wanaume," akasema. "Mie niliachwa ndani na kina shangazi."

Nikampisha. Akashika pembe zake mbili, nami zangu, tukapanda nalo kutoka pwani mpaka karakana. Mie nilitaka kupumzika njiani, unanijua. Yeye hakukubali liguse chini. Mlangoni tukaliweka taratibu, akalipangusa mchanga uliotoka nje, akajifuta uso na mtandio.

"Kumbe mama alikuwa mzito," akasema.

Kaa kwa amani, mke wangu, na Mungu akupe nafasi pana huko uliko. Ungekuwepo ungesema barua imekuwa ndefu kuliko safari yenyewe.

Mumeo,
Baba Riziki