Mizunguko Mitatu kwa Kanzu

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekimbia baada ya Alfajiri kama kawaida. Ngomeni, Mama Ngina, hadi kivukoni Likoni, na kurudi. Goti la kushoto halikulalamika.

Njiani nimeona bango jipya. Mbio ndefu za kuzunguka kisiwa, mizunguko mitatu, Jumapili ya tarehe 26. Kuna kundi maalumu la wanaokimbia kwa mavazi ya asili. Bango lina makosa manne ya Kiswahili. Nimesimama nikayahesabu.

Nitakimbia kwa kanzu. Nina miaka sabini na mmoja, nimezaliwa mtaa huu, na baba yangu kazaliwa mtaa huu. Sioni nguo nyingine ya kuvaa.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekasirika tangu saa nne asubuhi na sasa ni alasiri.

Ofisi ya kuandikisha wakimbiaji iko Mwembe Tayari, ghorofani, juu ya kituo cha mabasi ya bara. Binti aliyekaa mezani hakunisalimu ila kwa "Mambo, mzee". Nikampa "Sabalkheri" ajifunze. Nikajaza fomu. Nikasahihisha fomu yenyewe kwa kalamu nyekundu, kisha nikamrudishia.

Akasoma. Akasema kanzu haimo katika orodha ya mavazi.

Nikaomba hiyo orodha. Ngozi imo. Manyoya yamo. Shanga, shuka jekundu, sketi ya hando, vyote vimo, na ni vizuri viwemo. Kanzu haimo.

"Kanzu ni nguo ya msikitini, mzee. Hapa tunataka ya asili."

"Asili ya wapi?"

"Ya Kiafrika."

Nikamwuliza mimi ni wa wapi. Akatazama viatu vyangu. "Na hizo raba ni za asili?"

Wawili waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Hilo nalo limeniudhi. Nimefundisha miaka thelathini na minne na sikuwahi kuchekwa mbele ya darasa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Swala ya Ijumaa. Msikiti umejaa hadi barazani. Wazee, vijana, watoto wa chuoni, muuza kahawa, fundi saa, wote ndani ya kanzu. Mji mzima umevaa nguo isiyo ya asili.

Nimemwandikia mwenyekiti wa kamati ya mbio. Kurasa mbili. Sikutukana.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mwenyekiti amepiga simu. Mtu wa bara, mpole, ana haraka. Ameniita "mzee wetu" mara tano. Ameniambia nitaruhusiwa kukimbia kwa kanzu, ila mwamuzi atanikagua mwanzoni na mwishoni. Nikimaliza mizunguko yote mitatu nikiwa nimevaa kila nilichoanza nacho, kanzu itaandikwa katika orodha ya mwaka ujao. Nikivua chochote, au nisipofika, haitaandikwa, na mjadala umefungwa.

Ndiyo kusema nguo ya mji huu inangoja miguu yangu.

Nimekubali. Kisha nimekaa kitako nusu saa nikiwa na hasira kwamba nimekubali.

Alhamisi, 16 Oktoba

Dada yangu Mwanakombo amepata habari. Ana miaka sabini na tisa, anakaa chini, mimi nakaa juu, na hakuna linalopanda ngazi asilijue. Amepiga dari kwa fimbo ya ufagio hadi nikashuka.

"We Athmani. Nasikia wataka kukimbia barabarani na kanzu ya Idi."

Nikasema ndiyo.

"Uitie jasho. Uiburure matopeni. Watu waseme mtoto wa Bwana Omari kapata wazimu wa uzeeni."

Nikamkumbusha kuwa Bwana Omari mwenyewe alikimbia kwa kanzu. Baba alikuwa karani Kilindini na muadhini wa msikiti wetu. Kila jioni kazi ikimalizika alikimbia kutoka bandarini hadi huku ili awahi adhana ya Magharibi. Mimi nilikuwa na miaka sita, nikimngoja mlangoni pa msikiti. Alifika akitweta, lakini kanzu imenyooka. Haina hata kunyanzi. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi ya uso wake.

Dada akanitazama. Akasema, "Haya," akarudi kuchambua mchele wake. Ameninunia. Na mimi nimemnunia.

Kamati inasema kanzu si asili. Dada anasema kanzu si ya kukimbilia. Nimebanwa huku na huku na watu wasiojua wasemalo.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimejaribu kwa kanzu kuukuu ya nyumbani. Mzunguko mmoja. Pindo nimelishika kwa mkono wa kushoto. Inawezekana. Bila shaka ndivyo baba alivyofanya.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimechukua kanzu kwa dobi. Nilimwagiza aitie wanga wa kutosha na kuipiga pasi mara mbili. Akaniuliza, "Harusi, Mwalimu?" Nikasema mbio. Akadhani namtania.

Inaning'inia mlangoni, imesimama kama ubao. Kofia ni ile ya viua, vitundu vya sindano, aliyonishonea marehemu mke wangu. Kikoi kipya ndani. Raba nimezipiga mswaki.

Mtu haendi kukaguliwa na nguo iliyolegea.

Jumapili, 26 Oktoba

Naandika nikiwa nimelala kifudifudi. Nitaandika yote hata hivyo.

Mwamuzi alikuwa kijana mwenye ubao wa karatasi. Aliandika: kanzu, kofia, kikoi. Raba hakuziandika. Kundi letu lilikuwa na watu kumi na wawili. Mmoja alikuwa na manyoya ya kuku yaliyopakwa rangi. Huyo alipita bila swali.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa mwema. Pindo mkononi, mgongo umenyooka. Karibu na Marikiti wachukuzi wakaacha mikokoteni yao.

"Ustadh! Swala imeshatoka!"

"Bwana harusi katoroka! Mshikeni!"

"Kimbia baba, wakwe wako nyuma!"

Sikugeuka. Upande wa Kilindini madereva wa malori wakapiga honi. Nilidhani wananidhihaki, kisha nikaona mmoja ametoa kofia yake dirishani na kuipunga.

Mzunguko wa pili jua likapanda na wanga ukaanza kazi yake. Sikuwa nimelifikiria hilo. Mimi, mtu wa kufikiria. Jasho liliugeuza wanga kuwa uji. Kanzu ikanata mwilini kuanzia kifua hadi magoti. Halafu palipopata upepo pakakauka kwa chumvi, pakawa pagumu kama msasa. Kila hatua ilichuna mapaja. Mkono wa kushoto uliokuwa umeshika pindo ukafa ganzi. Makadara nikaliachia bila kujua, nikalikanyaga, nikaanguka. Viganja vyote viwili vikachubuka. Mwanamke mmoja wa kundi letu, mwenye manyoya, akaniinua. Nilimwambia ahsante kwa sauti ambayo haikuwa ya ahsante.

Kila mtu alikuwa amevaa nguo fupi. Vijana walinipita wakiwa na fulana na kaptula, wakisema "Vua tu, mzee, vua." Nilitaka kuvua. Naandika hapa kwa sababu hasomi mtu. Nilipoingia mtaani kwetu kuanza mzunguko wa tatu nilikuwa tayari nimefungua kifungo cha shingo.

Dada Mwanakombo alikuwa amesimama konani, pale njia ya msikiti inapokata. Buibui, makubadhi, na mkononi leso mpya ya Idi, doti nzima, vipande viwili bado vimeungana. Alisimama katikati ya barabara. Ilibidi nisimame au nimgonge.

"Inua mikono."

"Dada, watu."

"Watu wakimbie wao basi. Inua mikono!"

Akatia meno kwenye upindo akaipasua ile doti katikati. Kipande kimoja akakitupa begani kwake. Akaivuta kanzu yangu juu hadi magotini, akaikunja kiunoni, akanizungusha leso na kukaza fundo kwa goti lake juu ya nyonga yangu, kama anafunga gunia la nazi. Kibwebwe. Wanawake hujifunga hivyo wakienda kucheza ngoma au kutwanga. Mimi, Mwalimu Athmani bin Omari, nimefungwa kibwebwe cha leso nyekundu mbele ya baraza niliyokaa maisha yangu yote. Mwenye duka la viungo, jirani yetu tangu enzi za babake, alitoka nje akasahau kufunga mdomo.

"Funga hicho kifungo," dada akasema. "Nenda."

Nilikwenda. Mikono yote miwili ilikuwa yangu tena. Upepo ulipita miguuni. Vidonda viliuma lakini havikuongezeka. Sina la kusema kuhusu mzunguko wa tatu ila kwamba niliumaliza. Nilikuwa wa mwisho katika kundi letu, dakika chache kabla hawajafungua barabara. Mwamuzi akatazama karatasi yake: kanzu, kofia, kikoi. Vyote vipo. Akaitazama leso kwa muda. Akaandika kitu.

Jumatatu, 27 Oktoba

Nimeswali nimeketi. Mafuta ya nazi mapajani. Sijashuka chini.

Alhamisi, 30 Oktoba

Orodha ya mwaka ujao imetumwa kwa simu. Kanzu imo.

Imeandikwa hivi: "Vazi la asili la wanaume wa Mwambao: kanzu, kofia, na mkanda wa leso kiunoni." Pamoja na picha yangu. Nimepigwa kwa nyuma, ncha za leso zinapepea.

Mkanda wa leso! Karne ngapi tumeishi kisiwani hapa, na sasa watakuja wanaume wazima kutoka kila pembe wamejifunga leso za wake zao, na watasema wamejifunza kwangu. Nimewapigania waandike kweli, nao wameandika kichekesho kwa jina langu. Heri wasingeandika kitu.

Nimeandika barua. Kurasa tatu. Mwanamume wa Mvita hafungi leso. Leso ni vazi la mwanamke. Niliyofungwa ilikuwa dharura, na dharura si desturi. Nimeinakili kwa wino mweusi, nikashuka kumsomea dada, kwa kuwa mkosaji ni yeye.

Amenisikiliza hadi mwisho akimenya vitunguu. Kisha akauliza:

"Na baba alikimbiaje?"

Nikasema alishika pindo kwa mkono.

"Kutoka Kilindini? Na mkoba wa kazi mkono wa pili? Umejaribu mwenyewe umeanguka Makadara."

Nikaikunja barua.

"Leso ya mama," akasema. "Alikuwa akiitia mkobani kila asubuhi. Kazi ikiisha anajifunga langoni bandarini. Mimi nikimngoja pale konani. Anafungua, ananipa, anainyoosha kanzu, anajipangusa uso, ndipo anakuja kwako msikitini. Mimi naikunja leso chini ya buibui naipeleka nyumbani. Miaka minne nimefanya kazi hiyo. Akiniambia, Mwanakombo, mdogo wako asijue."

"Kwa nini?"

"Wewe tangu mdogo ulikuwa unasahihisha watu."

Akaendelea na vitunguu. Macho yalimtoka machozi na yangu pia. Yeye alikuwa na vitunguu.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimefua leso kwa mkono wangu, maji baridi, bila wanga. Damu ya viganja imetoka karibu yote. Nimeianika barazani, upande wa barabarani. Watu walikuwa wakipita kwenda Ijumaa. Niliiacha.

Mchana nimempelekea dada. Kipande chake tayari amekikunja upindo. Amekichukua na changu, akakaa dirishani kukishona, bila kuniuliza kitu. Amekimaliza, amekikunja mara nne, amenirudishia.

Barua iko mezani. Nimeipitia tena. Haina kosa hata moja la sarufi. Sitaipeleka.

Kesho baada ya Alfajiri nitakimbia hadi Kilindini. Siku za kawaida sikimbilii upande huo. Dada amesema nipitie mlangoni kwake kwanza, na leso mkononi.