Mto wa Kalewa

Tala,
Jumanne jioni

Baba mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama. Sisi huku tu wazima, isipokuwa lile jino la Mama ambalo anakataa kulipeleka kwa daktari. Jicho linaendeleaje huko Mombasa? Dada Ngina aliniambia bandeji imeondolewa na siku hizi unasoma hata maandishi madogo ya pakiti ya chumvi. Nimefurahi sana. Basi barua hii isome wewe mwenyewe, na umtume Ngina jikoni asije akachungulia begani kwako. Ningepiga simu, lakini wewe hukubali jambo zito lisilo kwenye karatasi, na hili ni zito kidogo.

Kwanza habari njema. Mvua imenyesha siku tatu mfululizo na mbaazi zimesimama vizuri. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mama anasema hampi jina mpaka urudi, maana yule wa mwisho alimwita Maua, nawe ukaja ukambadilisha ukamwita Tanga, kwa sababu ya vita vya mwaka 1914 ambamo nyuki waliwafukuza askari. Majirani bado wanacheka.

Chama chako cha Maswali ya Vita hakijafa kwa kukosa mwenyekiti. Kila Jumamosi saa tisa wazee wanakutana nyuma ya duka la Bonface, kati ya mabati na mapipa, na mimi nikishafunga hesabu za misumari nawapelekea chai kama kawaida. Wiki mbili zilizopita nusura wapigane juu ya mahali majeshi ya Wajerumani ya Afrika Mashariki yaliposalimu amri mwaka 1918. Mmoja alishikilia ni Dar es Salaam. Nilikuwa nimeshika birika, nikasema ni Abercorn, ambayo leo ni Mbala kule Zambia, nikaendelea kumimina. Bonface aliuliza nani amenifundisha. Nilimjibu kwamba miaka kumi na miwili ya kumimina chai si mchezo.

Sasa nikuambie la Jumamosi iliyopita. Mwalimu Mbithi alirudi.

Najua umeketi wima. Mwaka mzima hajakanyaga pale, tangu lile shindano la mbuzi. Acha nikukumbushe kama nilivyoliona mimi. Swali la mwisho lilikuwa: mji wa Kalewa, ambao askari wetu wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, waliutwaa kule Burma Desemba 1944, uko kando ya mto gani? Mwalimu alisema Chindwin. Wewe ulisema Irawadi. Sheria ya chama ni kitabu au shahidi, na Mwalimu siku hiyo hakuja na kitabu. Wewe ulisimama ukaapa kwa jina la marehemu Babu Muli, kwamba alikuwa Burma na alikuambia kwa kinywa chake alioga Irawadi. Nani angebishana na marehemu? Ulipewa mbuzi. Na wale wazee, Mungu awasamehe, walimcheka Mwalimu mpaka akachukua kofia yake akaondoka. Wiki nzima sokoni walimwita Bwana Chindwin.

Baba, tangu siku hiyo nimekuona. Unashinda kila Jumamosi na unarudi nyumbani umenuna. Ulimwambia Mama kwamba kuwashinda wale waliobaki ni kama kumpokonya mtoto uji. Ukipita karibu na lango la Mwalimu unatazama upande wa pili, na yeye akikuona kanisani anahamia benchi la nyuma. Watu mliosoma pamoja tangu darasa la kwanza! Iliniuma, na inaniuma hata ninapoandika.

Basi, Jumamosi Mwalimu alirudi kwa sababu alipata ujumbe wako. Ulimwambia kwamba umechunguza, kwamba Kalewa iko kando ya Chindwin kama alivyosema, na kwamba unamwomba radhi mbele ya chama chote. Ujumbe ulisomwa pale kati ya mabati. Wazee wakakupigia makofi, Baba, makofi ya kweli. Mwalimu alivua miwani akaifuta mara tatu. Alisema mtu anayeweza kurudi nyuma hivyo ni jenerali.

Hapa najua umeshakunja uso, kwa sababu hukumtumia mtu yeyote ujumbe wowote.

Ni mimi niliyeuandika. Nilimpelekea kwa mkono wangu, kisha nikausoma mbele ya wazee bila hata kutetemeka, nikasema Baba amenituma. Ni uwongo, na nimeusema kwa jina lako. Lakini sikuutoa hewani. Mwezi uliopita Bonface aliniomba daftari lako la maswali. Nilipolifungua ukurasa wa Burma niliona neno Irawadi limekatwa kwa penseli, na kando yake, kwa mwandiko wako, Chindwin. Chini uliandika tarehe. Ilikuwa siku tisa tu baada ya shindano.

Umejua mwaka mzima, Baba. Ulijua, ukashindwa kutamka. Sikulaumu. Kusema Babu alikosea mbele ya watu si jambo jepesi, ingawa kwa mawazo yangu Babu hakusema uwongo. Mtu aliyekaa Burma muda ule wote angeweza kuoga mito miwili. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami niliona nikuvulie.

Sasa sababu ya haraka ya barua hii. Mwalimu anakuja Mombasa. Ijumaa anapanda treni Syokimau, na amenikataza katakata nisikuambie, eti akukute ghafla. Anakuletea muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa unayoyapenda, na jogoo, sijui kama jogoo atakubaliwa kwenye treni. Pia amejaza daftari zima la maswali mapya na anasema safari hii utalia. Barua hii naituma kwa basi la kesho ili ikufikie kabla yake.

Akibisha mlangoni, uamuzi ni wako. Ukimwambia hujui habari za ujumbe, nitasimama Jumamosi ijayo niseme mbele ya chama kwamba nilidanganya, na nitakubali kuchekwa. Lakini ukimkaribisha, Baba, basi ule ujumbe utakuwa umeuandika mwenyewe.

Mama anakusalimu na anasema usisahau dawa ya matone. Msalimie Ngina na mumewe, na uwabusu wajukuu kwa niaba yetu. Mungu akulinde mpaka tutakapoonana.

Ni mimi binti yako, karani wako na mwongo wako,

Nduku