Kiondo Hakirudi Kitupu

Gatongora, Ruiru
2 Juni 2025

Mpendwa shangazi yangu, Tata Wanja,

Habari ya Kamenu? Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila kazi itaniua. Barua hii nampa Njau, jirani yangu muuza mboga, akienda kuchukua mboga Thika, maana simu yako huwa unaizima ukichoka na watu.

Unajua kiwanda chetu cha chakula cha kuku kiliwamwagia majirani vumbi mwezi mzima. Mashine ilishatengenezwa, vumbi limekwisha, lakini hakuna anayeamini. Mimi ndiye afisa wa uhusiano mwema, bado wa majaribio, kwa hivyo nikaitisha mkutano, nikakodi viti na spika, nikasoma tangazo la kuomba radhi, nikagawa fomu mia moja za maoni. Imerudi moja, imeandikwa "Mungu anawaona." Sasa wanakusanya sahihi ili tufungwe. Meneja wetu, Simeon, amesema sahihi hizo zikifika ofisi za kaunti mwisho wa mwezi, sitaajiriwa rasmi. Tata, nilisomea mambo haya miaka minne. Nimekosea wapi?

Mtoto wa kaka yako,
Wakonyo

Kamenu, Thika
5 Juni

Wakonyo wangu,

Nashukuru kwa salamu. Goti ni lile lile, na kuku wanataga vizuri.

Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Yaani umemchafulia mtu nguo, halafu unamwita aje akusikilize kwa spika? Aliyekosewa ndiye afunge safari? Mkono mtupu haulambwi, mama.

Njau anakupa kiondo changu, kile kikapu alichosuka cucu yako, mama yangu. Tia unga, sukari na majani ya chai. Nendeni kwa yule aliyeumia zaidi, na meneja akibebe mwenyewe. Msitaje vumbi mpaka mwenye nyumba aulize. Halafu kiacheni huko. Kwetu kiondo cha mtu hakirudishwi kitupu. Kikirudi na kitu, mmesikika. Kikirudi kitupu, anza kutafuta kazi. Kikipotea, usikanyage kwangu.

Tata yako

Gatongora
12 Juni

Tata mpendwa,

Natumai wewe na goti mmepatana. Jana tulienda kwa Mama Emmah, ambaye nguo zake za kanisa ziliharibika. Simeon alivaa tai, akakibeba kiondo kwa mikono miwili kama mtoto wa kubatizwa. Tulikunywa chai, tukaongea habari za ng'ombe na harusi ya Emmah saa nzima. Ndipo mama akauliza, "Na lile vumbi lenu?"

Simeon akasimama. "Mama, nilikukosea, nikakutumia karatasi. Leo nimekuja mwenyewe."

Akamwomba aje kuiona mashine siku yoyote. Mama Emmah aliinuka. Aliingiza kiondo chumbani, akatusindikiza hadi barabarani. Naogopa, Tata.

Wakonyo wako

Kamenu
24 Juni

Wakonyo,

Hujambo? Siku kumi na mbili kimya. Kiondo changu kiko wapi, na kazi je? Mama Emmah alipowasindikiza nilifurahi, maana mtu hasindikizi aliyemchoka. Lakini sasa hata mimi nimeanza kuogopa. Nimekuombea kanisani, nikaombea na kiondo.

Tata yako

Gatongora
28 Juni

Tata wangu,

Sijui hali yako leo, lakini yangu ni njema mno. Mama Emmah alikuja jana na wamama sita. Kumbe wiki ile alipita kiwandani bila kutuambia, akajionea mashine, kisha akakizungusha kiondo nyumba kwa nyumba akieleza alichokiona. Kila nyumba ilitia kitu: maharagwe, ndizi, nduma, mayai. Mayai yamefungwa kwa fomu zangu za maoni, moja moja. Na chini kabisa, chini ya maharagwe, karatasi ya sahihi zenyewe.

"Hii hatuihitaji tena," akasema.

Simeon ameniagiza niandike kwenye ripoti kwamba fomu zimerudi. Nililia mbele ya watu, na sioni aibu.

Barua hii umeikuta ndani ya kiondo chako, na ile ndefu iliyo kando yake ni ya kuajiriwa kwangu. Chini kuna mchele, na dawa ya goti. Nikikihitaji tena nitakuja kukichukua, na sheria unaijua.

Mtoto wako,
Wakonyo