Tembo wa Sehemu ya Tatu

Nam Định, tarehe 9 Desemba

Kaka yangu mpendwa Tuyên,

Pokea salamu zangu, za mdogo kwa mkubwa wake. Hujambo, na kifua chako je? Nasikia huko Ucheki baridi imeanza mapema mwaka huu, nami kila nikisikia hivyo nakuwaza umesimama kwenye kibanda chako cha nguo pale sokoni na soksi zako nyepesi. Vaa soksi nzito, kaka. Mimi ni mzima. Goti tu ndilo linanisumbua asubuhi ninapobeba ndoo za mchele wa kutengenezea tambi, ila likishapata moto linanyamaza. Makaburi ya baba na mama niliyapalilia mwezi uliopita.

Nyumba nayo ipo, imetulia kupita kiasi. Tangu mama atutoke, miaka mitatu sasa, napika wali wa mtu mmoja na bado unabaki. Redio naiwasha ili kuwe na mtu anayeongea. Nakwambia haya mapema, ili utakapofika chini ya barua usiseme sikukuambia.

Sasa habari za Ngome Tisa, mchezo wetu wa kompyuta. Unakumbuka siku uliyoondoka, tumesimama tunangoja basi la uwanja wa ndege, mama analia, ukanipiga mgongoni ukasema mchezo ukitoa sehemu ya tatu tu, unarudi, tucheze chumba kimoja kama zamani, wewe bluu, mimi njano. Tulicheka. Sehemu ya pili ilikuwa ndiyo kwanza imetoka, tukajua ya tatu ni mwakani. Miaka kumi na minne, kaka! Waliotengeneza mchezo hawajasema hata neno moja. Jukwaa letu la mtandaoni lilikuwa na watu mia tatu, na mwanzoni mwa mwaka huu tulibaki kumi na mmoja, wengine wakiingia tu kuulizia nywila walizosahau. Mimi ndiye mlinzi wa jukwaa, nikawa mlinzi wa nyumba isiyokaliwa.

Mwezi wa tisa ndipo ikatokea jukwaani ile picha uliyoiona: tembo wa vita mwenye tandiko la dhahabu, amesimama katikati ya mto, maji yamemfika magotini, na maneno machache kwamba sehemu ya tatu iko njiani. Huhitaji kuambiwa maana yake. Katika sehemu ya pili tembo havuki mto, anabaki ukingoni kama mgeni ambaye hajakaribishwa, na sisi tumelalamikia jambo hilo tangu tukiwa na nywele zote kichwani.

Watu wakarudi, kaka. Walirudi hata wale tuliodhani wamekufa. Wiki tatu nzima walibishana juu ya pembe ya kushoto ya yule tembo, kwa sababu imepinda. Đoàn, mwenye duka la kompyuta tulikokulia, ambaye siku hizi nusu ya duka ameifanya stoo ya vifurushi, alishikilia kwamba pembe hiyo ni ushahidi: safari hii wanyama watajeruhiwa vitani na itabidi wauguzwe. Mama Thược muuza supu ya kaa, ambaye ana miaka sitini na mitatu na mchezoni bado anachoma vijiji vya watu bila huruma, akamjibu mbele ya wote, “We Đoàn, mbona na meno yako yamepinda? Nani kakujeruhi?”

Kila mtu akaandika anachokitaka. Wengine walitaka mvua iozeshe mpunga ghalani. Wengine walitaka wanakijiji wakimbie nyumba zikiungua, wasisimame kama milingoti. Na wewe, uliyekaa miaka miwili bila kuandika kitu, ukaandika kwamba mchezaji akishindwa asifutwe kwenye ramani, apate ngome ya rafiki yake ya kukimbilia. Chini yake ukaongeza kwamba umekata tiketi, unakuja kwa Tết, tuukaribishe mwaka mpya pamoja, nikutunzie bluu yako. Niliyasoma nikiwa nimesimama jikoni, na tambi za siku ile zote ziligandana.

Ni Mama Thược aliyesema matumaini makubwa hivi yasiachwe hewani. Alisema watu wanapeleka maombi ya mtoto, ya mtihani, ya duka jipya, yanaandikwa, yanasomwa mbele ya madhabahu, yanachomwa yafike juu, sasa mchezo umekosa nini? Basi Jumapili iliyopita, asubuhi, tulikutana dukani kwa Đoàn watu ishirini na kitu. Kulikuwa na kuku mzima wa kuchemsha, wali wa kunata na machungwa, na ubani uliotutoa machozi. Mimi ndiye niliyeandika karatasi ya maombi, na mimi ndiye niliyechaguliwa kusoma, eti nina sauti ya kuaminika.

Unajua maombi yanataka jina la kila mtu na mahali anapoishi, ili huko juu wasipotee njia. Nilipofika kwako kalamu ilisimama. Kibanda unachouzia nakijua. Unapolala sipajui, kaka, na sijawahi kukuuliza. Nikaandika nyumba yetu.

Kabla sijaanza kusoma, Mama Thược akaingia na sadaka yake ya kuchoma: tembo wa karatasi, wa kimo cha mbwa, kamnunua kwa Bwana Lịch anayetengeneza vitu vya sadaka karibu na hekalu. Tandiko la dhahabu. Pembe ya kushoto imepinda. Wenzetu walikuwa wanamshughulikia kuku, hakuna aliyetazama. Yeye alimweka mezani, akamwangalia tembo, akaniangalia mimi. Akaninong'oneza, “Gundi ya Lịch haijawahi kushika upande wa kushoto. Haya soma, mwanangu, kuku anapoa.”

Kaka, ile picha niliipiga mimi. Nilimnunua tembo kwa Lịch, nikamsimamisha uani kwenye beseni la mama la kufulia, nikatia chai majini yapate rangi ya tope. Nilipomaliza tu kupiga, miguu ililowa akaanguka kifudifudi. Nilikusudia kuwacheka siku ileile na kusema ni utani. Lakini kufika jioni watu arobaini walikuwa wameingia jukwaani, na kila mmoja aliniita kwa jina langu, Khoát vipi, Khoát uko wapi siku zote. Nikasema kesho nitawaambia. Kesho yake walikuwa tisini. Kisha ukaja wewe.

Nilisoma maombi yote. Nilipofika “Tuyên, wa nyumba hii yetu ya Nam Định,” niliurudia mstari mara mbili, nao wakadhani ni moshi. Tembo akachomwa, Đoàn akapiga makofi.

Tukiosha vyombo Mama Thược aliniambia hao wengine nitawaungamia mwenyewe, na atakuwa amesimama pembeni yangu, ila wewe lazima ujue kwanza. “Mtu avuke dunia nzima kwa ajili ya beseni la mama yako? Mwandikie, au nitamwandikia mimi, na mimi nikiandika natukana.” Jukwaani kila mtu anasoma, na kwenye simu ningekata kabla ya kusema. Ndiyo maana nakutumia karatasi.

Nisamehe. Nilikuwa mpweke, nikakudanganya. Sehemu ya tatu haipo, na sijui kama itakuwepo. Nadhani tiketi bado unaweza kuirudisha hadi katikati ya Januari, kwa hiyo barua hii itakuwahi. Huku kuna kompyuta ile ile ya zamani, na sehemu ya pili, na tembo wasiovuka. Ila nimeyasoma tena yale uliyoandika, ya mtu aliyeshindwa na ngome ya kukimbilia, nami sina hakika kama ulikuwa unazungumzia mchezo. Kama hukuwa, chumba chako nimekifagia.

Ukikaa huko sitakuuliza sababu. Ukija, nitajua hukuja kwa ajili ya tembo.

Mama Thược anakusalimu, na Đoàn pia, ambaye bado hajui kitu. Soksi usisahau.

Ni mimi mdogo wako,
Khoát